Trela ya pikipiki mbili za porini na hema

Ndugu, kwa pikipiki mbili za cc 250 na hema la watu wanne, trela ya wazi ya futi 10 kwa 5 inatosha. Ya boksi inakula mafuta bure. Pikipiki moja ni kama kilo 110. Ongeza maji, petroli na vyombo, unakaribia kilo 400 bila trela yenyewe.

Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo ikae kwenye ndoano inayounganisha trela na gari. Mzigo ukilalia nyuma ya ekseli (chuma kinachobeba magurudumu), trela itayumba ukishika kasi. Tairi zifanane na za gari, spea itumike kote. Ukifunga pikipiki kwa mikanda, shokapu zake za mbele zikandamize nusu tu. Ukizidisha, sili (raba za kuzuia mafuta ya shokapu) zinavuja. Baada ya kilomita 30 simama, sogeza mkono kwenye habu (kitovu cha gurudumu la trela): ikiwa ya moto mno, beringi imekazwa kupita kiasi au haina grisi.