Mtoto mdogo hemani: maswali yenu ya likizo ya Juni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa familia zinazopanga kulala hemani wakiwa na mtoto anayetembea lakini bado yuko kwenye pampasi. Wengi wanauliza habari za fisi na chui. Hayo tumeyaweka pembeni kwa makusudi, maana kwenye kambi ya familia mtoto huumizwa na baridi, jiko, maji na majivu mara nyingi zaidi kuliko na mnyama yeyote.

Tunataka kulala usiku mmoja Ziwa Duluti, au tupande Marangu kwa ndugu zetu wenye shamba. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane. Tumvishe nini, na tumlaze vipi asipate baridi? (Mama wa watoto watatu, Sakina, Arusha)

Mama, anzia chini kabla hujafika kwenye nguo. Baridi inayomwamsha mtoto saa tisa usiku hutoka ardhini. Godoro la upepo, ambalo wengi hulikimbilia, ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii: hewa iliyomo inazunguka, inachukua joto la mwili na kulishusha chini. Sponji ya kawaida ya inchi 3 au 4, ile ya kitanda cha mtoto, inashinda. Tandika turubai, simamisha hema juu yake, kisha ndani weka mkeka, sponji, blanketi lililokunjwa mara mbili, na shuka juu. Kama una mablanketi manne, mawili yawe chini. Kingo za turubai zikunje ziingie chini ya hema. Zikitokeza nje, mvua ikinyesha zinakinga maji na kuyapeleka moja kwa moja mlipolala.

Nguo ziwe tabaka tatu nyepesi badala ya moja nzito. Ya ndani ni fulana na suruali ya kubana, katikati pijama nzito yenye miguu, juu sweta. Jaketi nene la kutokea asilale nalo, linambana na kumtoa jasho. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea: jioni mtoto anavishwa kila kitu, anacheza, anatoka jasho, na kufika saa nane usiku nguo za ndani ni mbichi. Mlaze na tabaka mbili, kisha nyinyi mnapoingia kulala saa nne mwongezee sweta. Kupima, gusa shingo kwa nyuma. Ikiwa ya uvuguvugu na kavu, yuko sawa hata kama viganja vyake ni baridi. Ikiwa na jasho, punguza.

Begi la kulalia la mtu mzima usimtumbukize humo. Anateleza hadi kichwa kinazama ndani. Tafuta mfuko wa kulalia wa mtoto wenye matundu ya mikono na shingo. Ukipekua kwa subira mitumba ya nguo za watoto, soko la Kilombero hapa Arusha au Memorial kule Moshi, inapatikana. Pampasi ya usiku iwe saizi moja juu ya ile anayovaa mchana, ibadilishwe dakika ya mwisho kabla ya kulala. Nguo kavu za kubadilisha, seti nzima, ziwe mkononi pako wala si kwenye buti la gari.

Kuhusu mahali: kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Ikiwa Moshi mjini usiku ni nyuzi 16, shamba lililo mita 900 juu yake litakuwa na nyuzi 10 au 11. Kwa mara ya kwanza, Duluti ni rahisi zaidi, ingawa kingo za ziwa lile zina mteremko na maji yake ni ya kina. Pale mtoto awe umbali wa mkono wako, si wa macho yako.

Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika tano. Tunajua Juni na Julai ziko nyumba nyingi Arusha zinazoota jiko sebuleni, na kwa kuwa makaa yameshakuwa mekundu bila moshi watu hudhani yamesafika. Makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala haamki. Kufungua zipu hakutoshi, na jiko linaloelekea kuzima bado ni hatari. Hata kibarazani mwa hema lisikae. Ukitaka kupasha kitanda joto, jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, iache kitandani nusu saa, kisha itoe kabla mtoto hajalala.

Nyumbani analala saa mbili bila tabu. Hemani je? Nimeambiwa atakesha. (Baba, Soweto, Moshi)

Anaweza kukesha ikiwa hema ni geni kwake. Lisimamishe uani siku kadhaa kabla, acheze ndani, alale humo mchana mara moja au mbili. Tumia nafasi hiyo hiyo kulijaribu: limwagie maji kwa ndoo taratibu kwa dakika kumi, kisha ingia upapase mishono. Panapovuja paka gundi ya silikoni kwa nje, acha ikauke siku nzima. Mahema yaliyotumika ya kampuni za utalii huwa imara, ila mishono na zipu ndizo zimechoka.

Siku ya safari hema liwe limesimama kufikia saa kumi jioni. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, na giza likiingia huingia kwa haraka. Kuhangaika na nguzo huku mtoto analia gizani ni adhabu. Beba shuka lake lisilofuliwa, lina harufu ya nyumbani. Kamba za hema zifungie vitambaa vyeupe, la sivyo atazikwaa zote. Usingizi wa mchana asilale ndani ya hema lililo juani, linachemka. Mkeka chini ya mti na chandarua juu yake, au mbeleko mgongoni, vinatosha. Madirisha ya juu yaache wazi usiku hata kama kuna baridi: mkiyafunga, pumzi zenu zinageuka matone na asubuhi blanketi limelowa mkidhani mvua ilivuja.

Tukiwa upande wa Momella tunaweza kuchemsha maji ya kijito kwa uji wa mtoto? (Mama, Usa River)

Hapana, mama, na sababu yenyewe unaiona kwenye meno ya watu wengi wa ukanda huu. Maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Meno ya kudumu ya mtoto yanajengwa wakati huu yakiwa bado ndani ya fizi, na floraidi ikizidi hutoka na madoa ya kahawia. Usiku mmoja haumharibu, ila hakuna haja ya kuanza mazoea. Bebeni maji ya chupa au ya chanzo mnachokijua: lita 3 kwa kila mtu mzima kwa siku, lita moja na nusu kwa mtoto, lita 4 za kupikia. Kwa wazazi wawili na mtoto ni kama lita 12. Ya kunawa na kuoshea vyombo yanaweza kuwa ya bomba la pale pale.

Uji upelekwe ukiwa unga. Pima robo kikombe cha unga kwa kikombe kimoja cha maji, funga kila mlo peke yake; koroga unga na maji baridi kwanza ndipo uweke motoni, usije ukashika mabonge. Uji uliopikwa nyumbani na kukaa kwenye chupa ya chai kutwa nzima haufai: ukishapoa kufikia uvuguvugu, bakteria wanazaana. Maziwa chukua yale ya pakiti ndogo yanayokaa bila friji, pakiti moja kwa mara moja, yasibaki. Chakula cha jioni ya kwanza ambacho hatujaona kinachokizidi ni mtori: upike jana yake, ugandishe kwenye kopo, uweke kwenye boksi la barafu. Njiani unafanya kazi ya barafu, jioni unapashwa hadi uchemke. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu acheni nyumbani. Mtoto anayekimbia huku anatafuna hukabwa.

Wajukuu wanakuja kupiga hema kihambani kwangu, katikati ya migomba. Mimi naogopa siafu. (Bibi, Machame)

Shikamoo bibi. Unaogopa kitu cha kweli, na njia zao unazijua kuliko sisi. Wakatalie migombani. Matandazo ya majani yana unyevu, ndipo siafu wanapopenda, hasa baada ya mvua. Kisha mgomba wenye mkungu mzito ukipata upepo usiku huanguka, na hema halizuii kitu. Wapeleke kwenye majani mafupi yaliyofyekwa, panapoonekana udongo, mbali na mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba. Mfongo una mambo mawili: mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, na zamu ya maji ikifunguliwa usiku yanaweza kufurika hadi kwenye hema. Waulize majirani zamu ni ya nani.

Wakague ardhi kwa tochi jioni na tena kabla ya kulala, makombo yasiwemo hemani, zipu zifungwe hadi mwisho. Majivu makavu yaliyozungushwa husaidia kwa muda, yakilowa hayana kazi. Mafuta ya taa yasimwagwe karibu: hema la nailoni linashika moto upesi, na mtoto atavuta mvuke wake usiku kucha. Siafu wakiingia, mtoto atolewe kwanza kabla ya kitu chochote, apelekwe nyumbani kwako, avuliwe nguo zote hadi pampasi na wang'olewe mmoja mmoja, kichwani na makwapani pia. Hema liacheni. Wakishamaliza kutafuta, wanapita.

Moto wa kambi tuuzuie vipi asiuguse? (Baba, Njiro)

Wakati moto unawaka hatari yake inaonekana. Hatari kubwa ni asubuhi yake: majivu ya kijivu yaliyotulia, makaa chini bado ni moto, naye anakanyaga peku akidhani ni mchanga. Moto uzimwe kwa maji, ukorogwe kwa fimbo, umwagiwe tena, hadi uweze kuweka kiganja juu yake. Mafiga nayo hubaki na joto muda mrefu. Wakati wa kupika chora mstari mita 2 kutoka kwenye moto, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya mtoto tu, asiyepika wala kuchoma nyama.

Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, yai na siagi vinazuia joto lisitoke na vinampa daktari kazi ya kukwangua. Kidonda cha usoni, mkononi, sehemu za siri, au kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe kiende hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa miaka miwili analipiwa kiingilio hifadhini? Na je, anaweza kufika Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu kupanda Kilimanjaro? (Msomaji, Moshi)

Kwenye hifadhi za taifa mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio. Mandara iko mita 2,720. Kutembea na kurudi siku hiyo hiyo akiwa mgongoni kunawezekana, lakini tusingemlaza juu ya mita 2,500, kwa sababu kichwa kikimuuma hawezi kusema, atalia tu. Kufika kilele cha Kilimanjaro ni hadi atimize miaka 10.

Mbu, na dawa za kubeba? (Mama, TPC)

Tambarare za chini ya Moshi zina malaria zaidi kuliko milimani, kwa hiyo chandarua chenye dawa kitandikwe hata ndani ya hema. Dawa ya kupaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, isizidi asilimia 30, usimpake viganjani wala karibu na macho. Zile za mafuta ya mkaratusi wa limau si za mtoto wa chini ya miaka 3. Akipata homa wiki moja au zaidi baada ya safari, apimwe malaria, usikisie mafua. Mfukoni kuwe na pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha anayeharisha), kila moja kwa lita moja ya maji, pamoja na kipimajoto na parasetamoli ya maji ya kupimwa kwa uzito wake. Akiharisha hadi macho yakazama, au akalia bila machozi, fungasheni.

Pampasi zilizotumika tuzitupe wapi? (Baba, Tengeru)

Si chooni, zinaziba shimo, na si kwenye moto, zikilowa haziungui bali zinatoa moshi mbaya. Mkizifukia mbwa na nyani watazifukua. Kinyesi kikung'uteni chooni, viringisha pampasi ijifunge kwa gundi zake, iweke kwenye ndoo ya lita 10 yenye kifuniko cha kubana pamoja na konzi mbili za majivu baridi, mrudi nayo mjini. Ndoo iwe na alama inayoonekana, isije ikachotewa maji.