Mwenzako anaogopa mahali pa juu: chagua njia kabla ya kilele

Umeuliza mtembeeje milimani likizoni ilhali mwenzako anaogopa mahali pa juu. Usihangaike na urefu wa kilele. Kwa kawaida kinachotisha ni ukingo ulio wazi. Kwenye ramani, njia ikipita kando kando ya mlima pale mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) inapobanana, tarajia mteremko mkali upande mmoja. Heri njia pana ya msituni, ya kwenda na kurudi palepale: ya mzunguko humnasa mtu katikati, na kushuka ndiko kugumu zaidi. Penye ukingo apite upande wa mlima, akitazama hatua chache mbele. Akiganda kwa hofu, aketi, atoe pumzi polepole. Usimvute mkono, tafadhali. Akisema turudi, rudini bila mjadala.