Maswali na majibu: Wake wengi wamesema "ndiyo", mbona msimamizi amekataa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasoma sosholojia. Utafiti wangu unahusu mgawanyo wa kazi za nyumbani kati ya wanandoa katika kata moja ya Morogoro mjini. Dodoso liliuliza: "Je, mume wako hukusaidia kazi za nyumbani angalau mara moja kwa wiki?" Wake wengi walijibu ndiyo, nami nikahitimisha kwamba ndoa za mjini zimefikia usawa. Msimamizi amerudisha sura ya nne na kuandika pembeni: "Kipimo hakina uhalali." Sampuli niliichagua kwa nasibu na majibu sikuyagusa. Tatizo liko wapi? Nianze upya?

JIBU: Marahaba. Usianze upya, ila hitimisho hilo lifute.

Msimamizi hajakutuhumu kupika data, wala hana shida na sampuli. Anachosema ni kwamba ulichopima sicho unachodai kukipima. Nasibu inakusaidia kusema kwamba waliojibu wanaiwakilisha kata. Swali lililolegea, nasibu haiwezi kulikaza. Mume anayepika kila jioni na yule aliyechota ndoo moja ya maji Jumamosi wote wamehesabiwa "ndiyo". Ukiwaweka kapu moja, usawa hauonekani tena, hata kama upo.

Wakubwa wa fani hii walishabishana juu ya jambo hilohilo. Mwaka 1973, Michael Young na Peter Willmott wa Uingereza walidai kwamba familia inaelekea kwenye ulinganifu, mume na mke wakikaribiana majukumu. Walitegemea, pamoja na mengine, takwimu kwamba asilimia 72 ya waume walisaidia nyumbani, mbali na kuosha vyombo, angalau mara moja kwa wiki. Ann Oakley akaidaka takwimu hiyo mwaka uliofuata. Alionyesha kwamba hata mwanamume anayejipigia pasi suruali yake Jumamosi mchana angeweza kuhesabiwa humo. Yeye alikaa na akina mama 40 wa London wenye watoto wadogo, akawahoji kwa kina kuhusu kazi zenyewe, na akaona kwamba waume walioshiriki kwa kiwango kikubwa walikuwa asilimia 15 tu. Tofauti hiyo usiipeleke yote kwenye maswali, maana sampuli zao hazikufanana. Lakini somo lake kwako ni kubwa: kiwango ulichokiweka ndani ya swali kinaweza kukuandikia matokeo kabla hujatoka kwenda uwandani.

Kuna na nadharia iliyojificha humo. Ukiuliza kama mume "husaidia", umeshampa mke umiliki wa kazi. Huo ni mtazamo wa kiuamilifu, yaani unaoiona jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi yake, wa akina Talcott Parsons, mwanasosholojia wa Marekani: mume ni mtafutaji na mke ni mlezi. Si dhambi kuutumia, ila uutumie ukijua, na uutaje katika sura ya pili.

Jambo linalonisumbua zaidi ni dada wa kazi. Dodoso lako linaiona nyumba kama ina watu wawili tu. Sensa ya 2022 ilikuta wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini Tanzania, na wewe mwenyewe unajua kuna nyumba ambazo bibi anaogesha watoto, mpwa anafua na dada wa kazi anadamka kabla ya wote. Mke wa nyumba kama hiyo akipumzika, huenda mume hajaongeza chochote. Mzigo umehamia kwa mwanamke mwingine au binti mwenye ujira mdogo. Usipomhesabu, utauita usawa.

Sasa okoa kazi yako. Data uliyonayo itumie kueleza ni kaya zipi mume hushiriki kwa namna yoyote, kwa umri, ajira na elimu, uishie hapo. Kisha rudi kwa kaya chache, hata kumi na tano, zilizochaguliwa zitofautiane: zenye msaidizi na zisizo naye, mke mwajiriwa na mke wa nyumbani. Mhoji mke peke yake na mume peke yake. Mama mkwe akiwa sebuleni, omba kwa heshima mkae pembeni, la sivyo utaandika majibu ya mama mkwe.

Waulize kuhusu jana, si kuhusu kawaida. Nani aliamka wa kwanza? Nani alibandika chai? Mtoto alivalishwa na nani, akapelekwa shule na nani? Nani aligundua unga umekwisha? Endelea hivyo hadi taa ya mwisho ilipozimwa. Kwenye fomu ya kujazia majibu, weka safu ya pili kwa kazi zinazokwenda pamoja, kwa sababu mama anayesonga ugali na mtoto mgongoni anafanya kazi mbili, na safu moja itaimeza mojawapo. Mume na mke wakitofautiana, usitafute wastani. Andika tofauti hiyo kama matokeo, na uieleze.

Siku nazo zichanganye. Ukihoji Jumatatu tu, "jana" ya kila kaya itakuwa Jumapili, siku ambayo waume wengi wako nyumbani, na utarudi kwa msimamizi na picha ileile aliyoikataa. Kama kibali chako cha utafiti kimeisha muda, shughulikia barua mpya ya mtendaji wa kata kabla ya kubisha hodi kwa mtu.