Maziwe: Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Msomaji ameniandikia kwa hasira: alikodi boti Pangani, mkoani Tanga, akafika Maziwe saa kumi jioni, kisiwa "hakipo". Kipo, bwana. Kilikuwa chini ya maji.

Maziwe si kisiwa cha minazi kama vile vya kwenye matangazo. Zamani kilikuwa na mivinje. Bahari ikala ardhi, na kufikia miaka ya 1980 mwanzoni miti ilikwisha. Limebaki fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, na maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yakijaa, fungu lote huzama.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hupamba moto siku moja au mbili baadaye. Siku hizo, pwani ya Tanga maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne au tano asubuhi. Basi ondoka saa mbili, na saa saba uwe umeshapanda boti. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu: mkondo hupungua nguvu, na kwa anayekwenda kutazama samaki hizo ndizo siku zenyewe.

Upepo nao una zamu yake. Kaskazi, Desemba hadi Februari, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Masika, mto Pangani humwaga matope na huoni kitu. Kusi likishika, asubuhi unaweza kwenda vizuri na mchana ukarudi umelowa chapachapa. Mlangoni mwa mto ndiko mawimbi hupasuka, maji yanayotoka yakipambana na upepo unaoingia. Ukiondokea Ushongo, ufukwe ulio kusini mwa mto, unakwepa mlango huo. Jaketi okozi livae, ulifunge na vifungo. Kulikalia si kulivaa.

Kisiwani hakuna kivuli, choo wala maji ya kunywa. Beba lita 3 kwa kila mtu, turubai na miti yake. Ogelea na fulana, maana anayetazama samaki huungua mgongo na nyuma ya magoti bila kujua. Vaa viatu vya mpira: wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Usichokonoe kwa sindano. Loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi. Chupa ya chai hapo ina kazi mbili.

Na ninyi mnaosimama juu ya matumbawe mpate picha: acheni. Hilo ni eneo tengefu, na tumbawe likivunjika halirudi mwakani. Kombe na makome yabaki palepale. Tozo ya kuingia uliza kama imo katika bei ya boti, na udai risiti kabla nanga haijang'olewa.