Vifaa vya kukodi na shule za kuzamia: kagua kabla hujaloa

Wazamiaji wapya wengi hutoka majini siku ya kwanza wakiamini kwamba kuzamia si kwao. Miwani iliingiza maji kila dakika, miguu ikawa inavutwa chini, hewa ikaisha mapema kuliko ya wenzao, na mkufunzi muda wote alikuwa akiwaashiria watulie. Mara nyingi kosa halikuwa lao. Miwani haikuwa ya uso wao, risasi kiunoni, zile za kuongeza uzito ili uzame, zilizidi kwa kilo tatu, na kipumulio kilikuwa na mpira uliopasuka. Kasoro hizi huonekana nchi kavu kwa anayejua pa kutazama, na ukaguzi wote hauchukui zaidi ya robo saa. Shule nyingi huuharakisha kwa sababu boti ina saa yake. Wewe usiuharakishe.

Kabla ya kutoa pesa

Kozi ya kwanza ya mashirika makubwa ya mafunzo ya kuzamia kama PADI na SSI ina nadharia, mazoezi kwenye bwawa au maji tulivu, kisha kuzamia katika maji ya wazi mara 4. Anayefaulu huruhusiwa kushuka hadi mita 18. Watu wengi huanza kwa kuuliza bei. Anza kwa kuuliza mkufunzi mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi. PADI inaruhusu hadi 8 kwa mkufunzi 1 katika maji ya wazi, lakini hicho ni kikomo cha juu kwa mazingira mazuri. Mmoja kati ya hao wanane akipandwa na hofu, saba wanabaki bila macho ya kuwaangalia. Wanne ni kundi la haki. Pale maji yanapokuwa na tope, wawili wanatosha.

Kwenye bei, omba orodha iliyoandikwa ya vilivyomo: vifaa, boti, masomo ya nadharia, ada ya cheti, na kikao cha ziada ukishindwa zoezi. Ada ya cheti na kikao cha ziada ndivyo vinavyozusha ugomvi siku ya mwisho. Uliza pia namba ya mkufunzi wako, uihakiki kwenye tovuti ya shirika lake. Mkufunzi mzuri haoni vibaya kuulizwa.

Fomu ya afya iombe siku kadhaa kabla. Maswali yake yanagusa pumu, moyo, kifafa, masikio, upasuaji wa kifua na dawa unazotumia. Jibu la "ndiyo" halimaanishi kwamba umekataliwa. Mara nyingi linamaanisha daktari akuone kwanza, na daktari hapatikani asubuhi ile boti inapong'oa nanga. Mtu wa mapokezi akikwambia ujaze "hapana" kote ili msichelewe, ondoka hapo na usirudi, maana anayeruka hatua hii ataruka na nyingine.

Jihadhari na kozi iliyobanwa mno. Kanuni inataka mwanafunzi alimudu zoezi kabla ya kwenda linalofuata, sio alijaribu mara moja likapita. Ikiwa kwenye bwawa hujaweza kuvua miwani, kuivaa tena na kuitoa maji kwa kupuliza kupitia pua bila kuhangaika, baharini hutaweza. Omba kikao kingine cha bwawa hata kama kuna malipo. Kwa mwenye likizo fupi ipo njia nyingine: kamilisha nadharia na bwawa unakoishi, uchukue barua ya uhamisho, halafu umalizie maji ya wazi mahali pengine ndani ya miezi 12.

Miwani kwanza

Weka miwani usoni bila mkanda, inamisha kichwa kidogo nyuma, vuta hewa taratibu kwa pua, kisha uinamishe mbele. Ikishika yenyewe kwa sekunde kadhaa, inakufaa. Ikianguka, jaribu nyingine, hata kama kuna mtu anasema zote ni sawa. Unywele mmoja chini ya silikoni unatosha kuingiza maji, na masharubu ni tatizo la kudumu: yapunguze juu ya mdomo au upake jeli ya petroli pale tu. Miwani ikivuja usikaze mkanda. Ukikaza sana, ukingo wa silikoni unajikunja na maji yanazidi. Mkanda ukae juu ya kisogo, umelegea kiasi cha vidole viwili kupita.

Ukungu kwenye kioo kipya unatokana na utando uliobaki kiwandani. Usugue kwa dawa ya meno isiyo ya jeli, mara mbili au tatu, kisha kabla ya kila mzamo tumia mate au tone la shampuu ya watoto na usuuze kidogo tu.

Regulata na mtungi

Regulata, yaani kifaa chenye hosi kinachopeleka hewa ya mtungi kwenye kipumulio, ifungwe kwenye mtungi, valvu ikiwa bado haijafunguliwa. Weka kipumulio mdomoni uvute. Haipaswi kuja hewa hata kidogo. Ikija, kuna tundu: mpira wa mdomoni umepasuka, kiwambo cha ndani kimechanika, au valvu ya kutolea pumzi imejikunja au imebanwa na mchanga. Chini ya maji, kupitia tundu hilo, utakunywa maji kila pumzi, ukidhani hujui kupumua. Fanya hivyohivyo kwa kipumulio cha akiba, ambacho ndicho hakikaguliwi na mtu na ndicho mwenzako atakachokitegemea. Angalia pia kibanio cha plastiki kinachoshika mpira wa mdomoni. Kikikatika, kipumulio kitatoka na mpira utabaki kwenye meno.

Sasa geuza geji inayopima hewa ya mtungi isikuelekee usoni, fungua valvu polepole mpaka mwisho, kisha pumua mara nne au tano huku ukitazama mshale. Mshale utulie. Ukishuka kila unapovuta na kupanda unapoacha, valvu imefunguliwa nusu au kuna kitu kimeziba. Kasoro hii ni ya hatari kwa sababu juu ya maji huisikii. Kwenye mita 20 mgandamizo ni bari 3, kila pumzi inachota hewa mara tatu ya ile ya juu, na ule mwanya mdogo uliotosha kwenye boti hautoshi tena.

Sauti ya hewa inayovuja pale regulata inapokutana na mtungi kwa kawaida ni oringi iliyochakaa, yaani ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji. Funga valvu, toa hewa iliyobaki kwenye hosi, badilisha oringi, fungua tena. Ni kazi ya dakika moja, na boti isiyobeba oringi za akiba inakwambia mengi kuhusu wenyewe. Kipumulio kikimwaga hewa chenyewe, kigeuze mdomo wake utazame chini majini. Kikinyamaza hakina shida, kikiendelea kimechoka ndani, kikatae.

Mtungi wa kawaida ukijazwa husoma bari 200 hivi. Mtungi uliojazwa haraka huwa moto, na ukipoa geji hushuka, kwa hiyo usome muda mfupi kabla ya kuingia. Ukianza chini ya 180, omba mwingine. Begani mwa mtungi kumegongwa tarehe ya kipimo cha mgandamizo. Marekani na Uingereza kipimo hicho ni kila miaka 5. Mwisho, nusa hewa. Haitakiwi kuwa na harufu wala ladha. Harufu ya mafuta au ya moshi ina maana kompresa ina kichujio kilichochoka au inavuta hewa karibu na ekzosi. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu, ila husafiri pamoja na moshi, hivyo mtungi unaonuka usiujaribu hata kwa mzamo mfupi.

Jaketi na suti

Ijaze jaketi, ile inayojazwa hewa ili uelee, mpaka valvu ya usalama ipige, ichomoe hosi, uiache dakika 10 huku ukikagua vingine. Ukirudi ukaikuta imelegea, inavuja. Irudishie hosi, kisha bonyeza kitufe cha kujazia mara tano kwa haraka. Kila mara hewa ikatike papo hapo. Chumvi ikikauka ndani, kitufe hunata, jaketi hujijaza yenyewe na kukupandisha juu bila hiari yako. Dawa yake majini ni kuichomoa ile hosi huku ukitoa hewa, na hilo ulifanyie mazoezi mpaka mikono iijue njia. Vuta kila kamba ya kutolea hewa. Mkanda wa mtungi uloweshe kabla ya kuukaza, kwa kuwa nailoni hulegea ikilowa. Kisha inua jaketi kwa mpini wake uitikise. Mtungi ukiteleza hata sentimita mbili, kaza upya.

Suti ikubane kila mahali bila kukukatisha pumzi. Chunguza mgongoni juu ya kiuno na kwapani: penye mwanya maji yatakuwa yanaingia na kutoka, na baridi itakumaliza nguvu. Shingo ikikaba, badilisha. Suti ya kukodi iliyozeeka imeshabonyea, haielei kama mpya, na hilo linatupeleka kwenye risasi.

Risasi

Hapa ndipo wanafunzi wanapoonewa zaidi. Mkufunzi mwenye kundi kubwa huwaongezea risasi ili wapige magoti chini na watulie hapo. Kwake ni rahisi, kwako ni mateso. Kila kilo ya ziada inadai karibu lita moja ya hewa kwenye jaketi. Hewa hiyo haikai ilivyo: kutoka mita 10 kufika juu inakuwa maradufu, kwa hiyo ukipanda kidogo tu inatanuka na kukubeba, ukishuka inasinyaa na kukuzamisha. Unabaki kubonyeza vitufe safari nzima. Kiuno kinavutwa chini, miguu inatimua mchanga, unapiga mapezi usizame, na hewa inakwisha.

Pima hivi. Ukiwa juu ya maji na vifaa vyote, kipumulio mdomoni, toa hewa yote kwenye jaketi, kunja miguu usipige mapezi, shika pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama taratibu. Ukizama kabla ya hapo, ondoa kilo 1 ujaribu tena. Ukibaki juu kifuani, ongeza kilo 1. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2 mwishoni, kwa sababu hewa ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11 hubeba takribani kilo 2.7 za hewa, na ukifika bari 50 kilo 2 hivi zimeshatoka. Bila hizo huwezi kutulia kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kupanda. Mtungi wa chuma ni mzito zaidi majini, kwa hiyo punguza. Ukihama kutoka maji baridi (yasiyo na chumvi) kwenda baharini, mtu ambaye pamoja na vifaa ana kilo 90 anahitaji nyongeza ya kilo 2 hivi.

Usikubali kukadiriwa kwa macho. Dakika tatu za kipimo hiki zitakufaidia kuliko somo lolote la namna ya kupiga mapezi.

Kompyuta

Kompyuta ya kuzamia huhesabu naitrojeni inayoingia mwilini na dakika unazoweza kukaa chini, na ile ya kukodi inakumbuka mtu wa mwisho aliyeivaa. Kama yeye alitumia naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 32 na wewe unapumua hewa ya kawaida, itahesabu naitrojeni ndogo kuliko iliyo mwilini mwako na kukupa dakika usizostahili. Fungua menyu, hakikisha imewekwa hewa, mita na bari, na betri ina chaji. Kisha ng'ang'ania hiyohiyo siku nzima. Ukipewa nyingine baada ya mzamo wa kwanza, haijui kwamba ulikuwa majini. Baada ya siku za kuzama mara kadhaa, DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, inashauri kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo usipange mzamo wa mwisho wa kozi jioni ya kuamkia safari.

Ukianza kununua vyako, anza na miwani, kisha kompyuta, kisha mapezi. Regulata ingoje mpaka uwe unazama mara kwa mara, kwa kuwa inataka matengenezo kila mwaka. Mtungi na risasi endelea kukodi.

Na kila ukitoka majini, andika kabla hujasahau: suti ya milimita ngapi na hali yake, mtungi wa alumini au chuma, maji ya chumvi au baridi, risasi kilo ngapi, bari zilizobaki, na kama kwenye mita 5 ulitulia, ulizama au ulivutwa juu. Mkodishaji wa mahali pengine akikuuliza unavaa kilo ngapi, msomee mstari huo.