Jibu: Soxhlet au Folch kwa mafuta ya soseji?

Ndugu, umeuliza kama mafuta uliyotoa kwenye soseji kwa Soxhlet (kifaa kinachoosha sampuli tena na tena kwa kiyeyusho kinachochemshwa) yanafaa kupimwa asidi za mafuta. Ukitaka asilimia ya mafuta tu, Soxhlet inatosha. Kwa asidi zenyewe mimi nisingeitumia: mafuta yaliyotolewa hukaa saa kadhaa ndani ya kiyeyusho kinachochemka, na zile asidi laini kama omega-3 huharibiwa na joto na oksijeni. Tena petroli etha, kiyeyusho kinachotumika humo, huacha nyuma fosfolipidi nyingi (mafuta ya kuta za seli), na humo ndimo asidi hizo zilimojificha.

Tumia Folch, njia ya mwaka 1957 ya kutoa mafuta kwa viyeyusho baridi. Klorofomu na methanoli 2:1, mililita 20 kwa kila gramu ya nyama iliyosagwa vizuri, bila kupasha moto. Chuja, ongeza maji ya chumvi, subiri tabaka zitengane. Mafuta yako tabaka la CHINI, pamoja na klorofomu. Mimi niliwahi kulimwaga kwa kuzoea kwamba mafuta huelea. Siku nzima ikapotea. Njia ya Bligh na Dyer (1959) hutumia vimiminika vichache, lakini ilijaribiwa kwa samaki wasio na mafuta mengi, hivyo kwa soseji itakupunja.

Weka BHT kidogo (kizuia oksidi), kausha kwa nitrojeni, halafu geuza asidi kuwa esta za methili, ambazo huvukizwa kwa urahisi, kabla ya kromatografia ya gesi, kipimo kinachozitenganisha moja moja. Kama soseji ni ya ng'ombe, usitumie C17:0 (asidi ya mafuta yenye kaboni 17) kuwa kipimo cha ndani, yaani asidi unayoongeza kwa kiasi unachokijua ili kulinganishia, kwa sababu ng'ombe anayo tayari mwilini. Chukua C19:0.

Na klorofomu ifunguliwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, si mezani.