Maombi yaingie dakika ya ngapi?

Mwinjilisti mmoja wa Igoma ameniandikia: mtu akija kwa ushauri, nianze na maombi au na maswali? Anza na maswali, mtumishi. Ukitanguliza maombi, mgeni anaona hapa yanatakiwa majibu ya kanisani, naye atakupa hayo hayo: "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri."

Chukua mama anayeanika dagaa kule Igombe, mumewe kazama ziwani na mwili haujaonekana. Mwache aseme, hata akisema amemkasirikia Mungu. Usimrukie na "Bwana alitoa, Bwana ametwaa". Ayubu aliyatamka mwenyewe, hakusemewa na mtu. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7 kimya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Una dakika 50. Kwanza siri: "Mama, utakayosema hayatoki humu, isipokuwa nikiona unataka kujidhuru au kumdhuru mtu." Kisha usingizi, chakula na kazi kwa wiki 2 zilizopita. Ukitumia dodoso la PHQ-9, la kupima sonona (huzuni iliyogeuka ugonjwa), maswali ni 9, kila moja alama 0 hadi 3; jumla ikifika 10, apelekwe kwa mtaalamu. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa. Hapo alama 1 tu inatosha kumwuliza siku hiyo hiyo kama ana mpango, na kuwaambia wa nyumbani, akiwa anajua, waondoe sumu ya wadudu.

Ndipo uulize imani yake inamshika wapi, na inamuumiza wapi. Akitaka maombi, dakika 5 za mwisho zinatosha, kwa maneno aliyoyaleta yeye. "Bwana, msaidie amsamehe mkwewe" si maombi hayo, ni amri iliyofumba macho.

Jambo linaloniuma ni mikesha na mifungo. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akikosa usingizi hata usiku mmoja anaweza kupanda: anaongea bila kituo, halali, na kanisa linashangilia upako. Anayemeza lithiamu, dawa ya baipola, akifunga bila maji, dawa inajaa kwenye damu hadi sumu: anatapika, anatetemeka, anapepesuka. Huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Na dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kusaidia, wengi wanaziacha wiki ya kwanza.

Ukimpeleka hospitali ya Bugando, mwandikie barua: dalili, zilianza lini, dawa anazotumia, anafunga au la. Jumapili mwulize pembeni kama dawa bado zipo. Usimwite mbele atoe ushuhuda.